NURU NA JICHO KATIKA PICHA YA MNYAMA WA NYUMBANI

Katika Masara, nchi ya wachimba dhahabu katika Kaunti ya Migori, na vivyo hivyo upande wa Homa Bay mpaka ufukoni mwa Ziwa Victoria, ni maboma machache yasiyo na mnyama. Mbwa hulinda mlango usiku, paka huwafukuza panya ghalani, na mbuzi na ng'ombe ndio akiba ya jamaa. Tena siku hizi watu wengi wana simu zenye kamera, hata mtoto wa shule aweza kupiga picha kumi kabla maji ya chai hayajachemka. Walakini, katika picha nyingi za namna hiyo mnyama mwenyewe haonekani. Mbwa mweusi hutokea kama kivuli chenye masikio mawili. Mbuzi mweupe hutokea kama karatasi isiyoandikwa neno. Paka hutokea ana pua kubwa na macho yenye ukungu.

Mwenye mnyama huilaumu simu yake, akasema ni ya bei rahisi. Mara nyingi simu haina kosa. Kilichokosekana ni mambo mawili, nayo hayauzwi dukani: kwanza, kuitafuta nuru iliyo njema kabla ya kumwita mnyama, pili, kuilenga kamera penye jicho lake. Mtu akiyajua haya mawili, simu ndogo itamfaa. Asipoyajua, hata kamera ya thamani kubwa haitamsaidia.

FAIDA YA PICHA ILIYO DHAHIRI

Huenda wengine wakasema kwamba kumpiga mbwa picha ni mchezo wa watu wasio na kazi. Si hivyo. Picha ni ukumbusho, na mtu aliyelindwa na mbwa mwaminifu kwa miaka kumi hutaka kumkumbuka. Lakini zaidi ya hayo, picha ni njia ya kumtambulisha mnyama mmoja kati ya wengi.

Kaunti ya Migori imepakana na Tanzania upande wa kusini, na Kaunti ya Narok upande wa mashariki, na wizi wa ng'ombe katika mipaka hiyo ni taabu ya tangu zamani. Ng'ombe akiibiwa, mwenyewe huulizwa alama zake. Akijibu kwamba ni mwekundu mwenye pembe, atakuwa amewataja ng'ombe mamia. Lakini akitoa picha inayoonyesha doa la paji la uso, sikio lililokatwa, namna pembe zilivyopinda, na chapa ya ubavuni, wenye kutafuta watakuwa na kitu cha kushika. Picha peke yake haimalizi shauri, lakini husaidia sana.

Habari ya mbwa ni kubwa zaidi, maana inagusa uhai wa watu. Kichaa cha mbwa kingali kinaua watu katika Kenya, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hadi asilimia 99 ya watu wanaopatwa na ugonjwa huu huambukizwa na mbwa. Mwaka 2014 Serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kuukomesha ugonjwa huo unaoletwa na mbwa ifikapo mwaka 2030, na msingi wa mpango ni kuwachanja mbwa. Mtoto akiumwa na mbwa, maswali makubwa ni haya: Ni mbwa gani? Je, amechanjwa? Cheti kinachosema tu kwamba ni mbwa dume mweusi hakitoi jibu, kwa kuwa mbwa weusi ni wengi. Cheti kilichowekwa pamoja na picha dhahiri ya uso wa mbwa hutoa jibu upesi. Hata hivyo, mtu aliyeumwa asingoje picha wala cheti. Hapana budi jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali bila kukawia.

NURU YA MASARA NA SAA ZAKE

Kamera haimchukui mnyama mwenyewe. Huchukua nuru iliyompiga mnyama ikarudi na kuingia katika lenzi. Kwa hiyo swali la kwanza la mpiga picha ni kujua nuru inatoka wapi na inamwangukia mnyama mahali gani.

Masara iko karibu digrii 1 kusini ya ikweta. Katika majira yote ya mwaka jua huchomoza karibu na saa 12 na nusu asubuhi, nalo hupanda karibu wima, kiasi cha digrii 15 katika kila saa. Muda wa saa mbili tu baada ya kuchomoza limekwisha kupanda digrii 30 hivi, na ifikapo karibu saa 7 mchana liko utosini au karibu na utosi. Katika mwezi wa Machi na mwezi wa Septemba huwa juu ya kichwa kabisa, hata mti husimama juu ya kivuli chake wenyewe.

Nuru ya utosini haifai kwa uso. Huupiga mgongo wa mbwa na kuung'arisha, lakini macho yaliyo chini ya paji la uso huingia gizani, na taya na kifua huwa vyeusi. Nuru ya asubuhi, tangu jua kuchomoza mpaka saa 2 na nusu, na nuru ya jioni, tangu saa 10 na nusu mpaka jua kutua, hutoka ubavuni. Huingia machoni, hupenya kati ya manyoya, na rangi yake ni ya dhahabu kwa sababu imepita katika hewa nyingi kabla ya kufika.

Vitabu vingi vya upigaji picha viliandikwa na watu wa Ulaya, ambako mambo ni mbalimbali. Katika mji wa London, mwezi wa Desemba, jua la adhuhuri hufika digrii 15 tu juu ya upeo wa macho, basi mpiga picha wa huko anayo nuru ya ubavuni mchana kutwa. Wa Masara hana bahati hiyo. Saa zake njema ni chache, na yampasa kuzijua kama mvuvi wa Karungu azijuavyo saa za upepo wa ziwa.

Lakini si kila mtu ana nafasi asubuhi, maana wengine wamo machimboni na wengine wamo shambani. Kwa watu hao kivuli ndicho rafiki. Mnyama na aletwe chini ya ukingo wa paa, au mlangoni, au chini ya mwembe wenye majani mengi. Siri ya kivuli ni hii: mnyama asiingizwe ndani sana. Mwili wake uwe kivulini, karibu na ukingo, na uso wake uelekee nje penye mwangaza wa anga. Hapo nuru humwangukia usoni polepole, bila ukali. Mti wenye majani machache haufai, kwa kuwa jua hupenya na kumtia mnyama madoa ambayo si yake, na picha ya kumtambulisha huwa uongo. Siku ya mawingu nayo ni siku njema, maana wingu huitandaza nuru kama shuka jeupe lililowekwa mbele ya taa.

Upande wa uso uliobaki na giza waweza kuongezewa nuru bila gharama. Mtu wa pili na ashike gunia jeupe la nailoni au shuka jeupe, asimame hatua moja kutoka kwa mnyama upande ule wenye giza, na nuru itarudi kutoka kwenye weupe huo. Kipande cha bati hakifai, kwa kuwa hurudisha nuru kali inayomwumiza mnyama macho.

KANUNI YA ZAMANI

Wapiga picha wengi wa zamani walifundisha kwamba jua sharti liwe mgongoni mwa mpiga picha, na watu wengi wangali wakiifuata kanuni hiyo. Ina asili yake. Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ya Marekani ilianza kuuza kamera ya sanduku iliyoitwa Brownie kwa bei ya dola 1. Lenzi yake haikuweza kurekebishwa kwa umbali, na filamu za siku hizo zilikuwa nzito kupokea nuru. Pasipo jua kali picha haikutokea. Kamera za sanduku zilienea duniani kwa miaka mingi, na kanuni ikaenea pamoja nazo.

Kamera za leo huona hata katika nuru ndogo, kwa hiyo kanuni hiyo haina nguvu tena. Jua likiwa mgongoni mwa mpiga picha, mnyama hulitazama jua usoni, akafinya macho. Tena nuru inayokuja moja kwa moja kutoka mbele hufuta mashimo na miinuko ya uso, hata uso ukatokea bapa kama sahani. Afadhali jua liwe ubavuni, ili upande mmoja uangaze na wa pili uingie kivuli kidogo. Ndipo taya, mfupa wa shavu na mashimo ya pua huonekana kwa umbo lake.

Jua laweza pia kuwa nyuma ya mnyama, hasa jioni. Hapo huchora mstari wa nuru katika ukingo wa manyoya, na mbwa mweusi aliyesimama mbele ya ukuta wa udongo hutengana nao, hata kila unywele huonekana. Lakini uso wake ndio utakaokuwa kivulini, basi hapana budi kamera ipimwe kwa uso wala si kwa anga, kama itakavyoelezwa.

MNYAMA MWEUSI NA MNYAMA MWEUPE

Wajaluo, kama wafugaji wengine wa Afrika ya Mashariki, wana majina mengi ya rangi na madoa ya ng'ombe, wala hawatosheki na kusema kwamba ni mweusi au mweupe. Kamera haina elimu hiyo. Hupima nuru yote iliyo mbele yake, kisha hujaribu kuifanya picha iwe na mwangaza wa wastani, kama rangi ya kijivu. Mbwa mweusi akisimama mbele ya anga jeupe, kamera huona weupe mwingi, hupunguza nuru, na mbwa huzama gizani. Mbuzi mweupe akisimama mbele ya ua wa minyaa wenye giza, kamera huona giza jingi, huongeza nuru, na manyoya ya mbuzi hupotea katika weupe mtupu.

Dawa ya kwanza ni kuchagua mahali. Mnyama mweusi asiwekwe mbele ya anga. Na awekwe mbele ya ukuta wa udongo, ua wa minyaa, au shamba la mahindi. Mnyama mweupe asiwekwe juani mbele ya kitu cheusi. Na awekwe kivulini, mbele ya kitu chenye rangi ya kadiri.

Dawa ya pili imo katika simu yenyewe. Katika simu nyingi, mtu akiugusa kwa kidole uso wa mnyama unaoonekana kwenye kioo, kamera hupima nuru ya mahali hapo tu. Kisha hutokea alama ndogo kama jua, ambayo ikisukumwa juu picha huongezeka mwangaza, na ikishushwa hupungua. Kwa mnyama mweusi, simu iliyopima uso wake itaongeza nuru mno, hata weusi ukawa kijivu; basi ishushwe kidogo, mpaka weusi urudi bila ya manyoya kupotea. Kwa mnyama mweupe simu itapunguza nuru, hata weupe ukawa kama majivu. Basi ipandishwe kidogo, mpaka weupe urudi na manyoya yangali yakionekana.

Jambo hili halikuwapata wanyama peke yao. Kwa miaka mingi maabara zilizosafisha filamu za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kufuata kadi zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, nazo ziliitwa kadi za Shirley. Watu weusi walitokea vibaya katika filamu hizo, wakaambiwa kwamba rangi yao ni ngumu kupigwa picha. Katika miaka ya 1960 na 1970 wenye kutengeneza samani za mbao na wenye kutengeneza chokoleti walilalamika kwamba rangi za kahawia za bidhaa zao hazionekani sawasawa, ndipo Kodak ikaanza kuzirekebisha filamu zake. Filamu moja iliyokuja baadaye ilisifiwa na watu wa kampuni hiyo kuwa yaweza kuonyesha farasi mweusi katika nuru hafifu. Hivyo ilidhihirika kwamba rangi nyeusi haikuwa na kosa lo lote. Kifaa ndicho kilichopimwa kwa rangi nyingine. Mwenye mbwa mweusi na alikumbuke jambo hili kabla ya kusema kwamba mbwa wake hapigiki picha.

JICHO NDILO SHABAHA

Neno la pili ni kulenga, ambako wapiga picha wengine hukuita fokasi. Maana yake ni kuirekebisha lenzi ili kitu kilicho katika umbali fulani kitokee dhahiri. Vitu vilivyo mbele yake au nyuma yake hupata ukungu, hasa kamera ikiwa karibu sana. Binadamu atazamapo uso wo wote, wa mtu au wa mnyama, hutazama macho kwanza. Macho yakiwa dhahiri na mkia una ukungu, hakuna atakayelalamika. Pua ikiwa dhahiri na macho yana ukungu, picha haifai.

Na hapo ndipo shida ya mbwa, mbuzi na ng'ombe, kwa sababu pua zao zimetangulia mbele ya macho kwa kiasi kikubwa. Mara nyingi kamera isiyoongozwa hushika kitu kilicho karibu zaidi, nacho ni pua. Dawa yake ni tatu. Kwanza, kidole kiguse jicho lenyewe kwenye kioo cha simu, na kama macho hayako sawa kwa umbali, liguswe lile lililo karibu na kamera. Pili, mpiga picha asimame mbali kidogo, kiasi cha mita 2, kisha aikuze picha kwa kiasi. Maana lenzi ya simu huona mahali papana, na ikiletwa karibu na uso hukuza pua na kudogosha masikio, hata mbwa wa kawaida akawa kama kinyago. Tatu, mnyama ageuze uso upande kidogo, ili tofauti ya umbali wa jicho na wa pua ipungue, na vyote viwili vitokee dhahiri.

Simu nyingi zina namna ya kupiga iliyokusudiwa nyuso za watu, ambayo hutia ukungu nyuma ya mtu kwa hesabu za mashine. Kwa wanyama mara nyingi hesabu hizo hukosea. Huzifuta sharubu za paka, manyoya ya ukingo wa sikio, au ncha ya pembe. Kwa picha ya kumtambulisha mnyama haifai kutumiwa.

Kimo nacho kina maana. Mtu anayepiga picha akiwa amesimama huwaonyesha mbwa na mbuzi kichwa kikubwa na miguu mifupi. Yafaa achutame au apige goti, mpaka kamera iwe sawa na jicho la mnyama. Lakini akishuka hivyo, mara nyingi anga huingia nyuma ya mnyama, basi atazame tena mahali alipomweka.

Kuna alama moja ndogo inayoonyesha kwamba nuru na shabaha vimekutana. Ni nukta ya mwangaza inayong'aa ndani ya jicho, ambayo ni sura ya anga au ya mlango ulio mbele ya mnyama. Nukta isipoonekana, jicho hutokea kama shimo, na mnyama huonekana hana uhai. Mpiga picha na amgeuze mnyama polepole kuelekea kwenye nuru mpaka nukta itokee, kisha ailenge kamera hapo hapo. Mtu akishika fundisho hili moja tu, atakuwa amepata nusu ya kazi.

Tena macho ya wanyama hayafanani. Mboni ya paka hubana ikawa kama ufa katika jua kali, na kivulini hufunguka ikawa duara. Hivyo picha mbili za paka mmoja, ya adhuhuri na ya jioni, zaweza kuonekana kama za paka wawili. Mboni ya mbuzi imelala kama mstari mpana. Kampuni nyingine zimetengeneza kamera zinazolitafuta jicho la mnyama zenyewe. Sony ilianza kutoa uwezo huo mwaka 2019. Lakini hata mashine hizo hutaka nuru ya kutosha machoni.

Mwisho wa habari ya kulenga ni usafi. Vumbi la barabara na la machimbo, pamoja na mafuta ya vidole, hushika katika lenzi ya simu na kutia picha ukungu ambao watu hudhani ni ubovu wa kamera. Lenzi ipulizwe kwanza, kisha ipanguswe kwa kitambaa laini cha pamba. Isifutwe kwa mkono wenye mchanga.

MNYAMA HATULII

Mwaka 1839, ilipotangazwa njia ya Mfaransa Daguerre ya kupiga picha, nuru ilihitaji dakika nyingi kuchora picha moja, na mnyama aliye hai aliweza kupigwa picha kama amelala tu. Mwaka 1878, katika Palo Alto, Marekani, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi, akapata picha zilizothibitisha kwamba farasi apigapo mbio kuna wakati miguu yake yote minne haigusi ardhi. Muybridge hakuanza na farasi, alianza na nuru: alisimamisha ukuta mweupe uliorudisha mwangaza wa jua, maana alijua kwamba kitu kiendacho mbio hutaka kamera ifunguke kwa muda mfupi sana, na muda mfupi hutaka nuru nyingi.

Sheria hiyo haijabadilika. Katika kivuli kizito au wakati wa magharibi, simu hukawia kufunga ili ikusanye nuru, na mbwa akitikisa kichwa hupata ukungu. Basi penye nuru kidogo mnyama awe ametulia. Penye nuru nyingi aweza kucheza. Wakati mwema ni baada ya mnyama kula, au baada ya kukimbia akachoka kidogo. Mtu wa pili na asimame nyuma ya kamera, atikise kibuyu chenye punje za mahindi au apige mluzi mara moja. Masikio ya mnyama yatasimama kwa nukta chache, na hapo picha nyingi zipigwe mfululizo. Sauti ikirudiwa mara nyingi mnyama huizoea, asijali tena.

TAA YA SIMU USIKU

Watu wengine huwapiga mbwa picha usiku kwa taa ya simu, wakashangaa kuona macho yakiwaka kijani au manjano. Huo si uchawi wala ugonjwa. Nyuma ya jicho la mbwa, paka, mbuzi na ng'ombe kuna utando unaorudisha nuru, ili mnyama aone vizuri gizani. Taa iliyo karibu na lenzi hupiga utando huo na nuru yake hurudi moja kwa moja katika kamera. Picha ya namna hiyo haionyeshi jicho, tena mwangaza wa ghafula humshtua mnyama. Ni bora kungoja asubuhi.

PICHA ZA NG'OMBE

Kwa ng'ombe, picha moja haitoshi. Na asimame mahali sawa asubuhi, naye apigwe picha ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, na uso kwa mbele, pembe na masikio yote yakionekana. Chapa na kovu zipigwe kwa karibu. Kuna na alama nyingine isiyoweza kukatwa wala kupakwa rangi: ni mistari ya ngozi ya pua yake. Tangu miaka ya 1920 imejulikana kwa wataalamu kwamba mistari hiyo haifanani katika ng'ombe wawili, kama vile alama za vidole vya watu. Ili ionekane, pua ipanguswe maji kwanza, maana unyevu hung'aa na kuficha. Kisha nuru itoke ubavuni, ili kila mfereji upate kivuli chake. Hapa tena nuru ya mbele haifai.

Kila picha iandikiwe jina la mnyama na tarehe, na nakala yake ipelekwe kwa ndugu mwingine. Simu iliyoibiwa siku moja na ng'ombe haimsaidii mtu.

ADABU KWA MNYAMA

Mnyama asifungwe kwa nguvu wala kuvutwa sikio kwa ajili ya picha. Mbwa anayelaza masikio, anayeficha mkia, au anayegeuza uso na kuonyesha weupe wa jicho, ana hofu, naye aachwe. Mbwa asiyejulikana asisogelewe kamwe na mtu aliyeshika simu, hasa mtoto. Macho yaliyojaa hofu huonekana katika picha, na hakuna nuru iwezayo kuyaficha.

Kazi hii yote haizidi nusu saa, na haina gharama. Watoto wa mbwa hubadilika rangi na umbo, na ndama huota pembe. Kwa hiyo picha na zipigwe upya mnyama akuapo, na siku ya kuchanjwa mbwa ni siku ifaayo kukumbukwa kwa kazi hii. Ipigwe mapema, angali yupo mlangoni, kwa sababu mnyama aliyekwisha potea hawezi kuitwa aje kukaa penye nuru.